Ukiganda kama nguzo, dinosaria atakuona au hatakuona?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni dereva boda hapa Lindi mjini, usiku nikishapaki pikipiki huwa narekodi hadithi za watoto za sauti natuma kwenye magrupu ya WhatsApp, wasikilizaji ninao kiasi. Sasa nina hadithi ya dogo mmoja anarudishwa enzi za kale anajikuta Tendaguru kwenye wale mijusi wakubwa. Sehemu ya 4 anakutana na T-rex uso kwa uso, anakumbuka kwamba T-rex haoni kitu kisichotembea, anaganda, lile dude linamnusa weee halafu linampita. Nimeitoa kwenye muvi ya Jurassic Park. Watu wameipenda ila shemeji yangu anayefundisha sekondari kaniambia ni uongo mtupu, nadanganya watoto wa watu. Kibaya zaidi mwanangu wa miaka 9 ameichukua siriasi, juzi nimemkuta ameganda mbele ya mbwa wa jirani anabweka, ati anajaribu. Mbwa hakumfanya kitu, sasa dogo anatamba 'unaona baba, ni kweli'. Naomba nisaidie, ni kweli au si kweli? Na wale wa kwetu Tendaguru waliona vipi, rangi waliziona, usiku je? Niifute ile sehemu?"

Marahaba kaka. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nilipofika pale kwa mbwa nikaacha kucheka. Kwa hiyo tuanze na mbwa, maana T-rex keshakufa siku nyingi na hana haraka, mbwa wa jirani yupo hapo nje sasa hivi.

Mwanao alifanya jambo sahihi kwa sababu ya uongo. Kutokukimbia mbele ya mbwa anayebweka ni sawa kabisa, mtoto akitimua mbio mbwa naye anamfuata, ndivyo alivyoumbwa, na hakuna mtoto wa miaka 9 wa kumshinda mbwa mbio. Lakini yule mbwa alikuwa anamwona dogo vizuri tu mwanzo mpaka mwisho, na harufu yake anaipata, alimwacha kwa vile hakukimbiwa wala hakuchokozwa, basi. Mwaka 1936 kuna mbwa wa polisi walipimwa macho, kitu kinachotembea waliweza kukitambua kikiwa zaidi ya mita 800, kitu kilekile kikitulia ikabidi kiwe mita kama 585 au karibu zaidi ndipo wakitambue. Tofauti ipo, siikatai, ila angalia ni tofauti ya nini: kutulia kunapunguza umbali wa kuonwa, hakukufanyi upotee. Na mbwa wa jirani hakuwa mita 600, alikuwa umbali wa kumfikia kwa kandambili.

Hatari iko kwenye hiyo sababu aliyoibeba kichwani. Mtoto anayejua "nisikimbie, nisimkazie macho, nigeuke ubavu kidogo, nirudi nyuma polepole" yuko salama kuliko mtoto anayeamini haonekani, maana huyu wa pili atasogea zaidi ili ajaribu vizuri, atamtumbulia mbwa macho, na kwa mbwa kutumbuliwa macho ni matusi. Mwambie pia akiangushwa chini ajikunje, afunike shingo na masikio kwa mikono, asipige kelele. Na ikitokea ameng'atwa, hata kama ni kidonda cha kukwaruza tu, usisubiri uone itakuwaje: osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili kwa saa, usipake pilipili wala mafuta ya taa wala udongo, umpeleke hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa, na ukianza usiishie sindano ya kwanza kwa kuona mtoto anacheza, maliza zote. Ugonjwa ule ukishaanza kuonyesha dalili hauna tiba, anayepona ni wa kuhesabu kwa vidole duniani. Muulize jirani kwa upole kama mbwa wake kachanjwa, akianza kuzungukazunguka maneno nenda kwa afisa mifugo wa kata, hiyo ni kazi yake. Huko Liwale na Nachingwea ambako tembo wanaingia mashambani ndiyo kabisa, huko kuganda siyo somo la kufundishana kwa hadithi, mnaondoka mapema mnamwita afisa wanyamapori.

Haya, sasa T-rex.

Jibu la swali lako ni hapana, T-rex angemwona dogo wako, tena angemwona kabla dogo hajamwona yeye. Ila shemeji naye kasema "uongo mtupu" na hapo kazidisha kidogo, kwa sababu wazo lile halikutoka hewani, kuna mnyama wa kweli anayeona hivyo, ila siyo dinosaria. Ni chura.

Mwaka 1959 huko Marekani Jerome Lettvin na wenzake waliweka vijiwaya vyembamba kwenye neva ya jicho la chura wakasikiliza jicho linauambia ubongo nini. Wakakuta nyuzi nyingine zinalia tu pale kitu kidogo cheusi kinapopita mbele, yaani mdudu. Kitu kikubwa kilichotulia, kimya. Wakaandika kwamba chura atakufa na njaa huku amezungukwa na chakula kama chakula chenyewe hakijongei, mzungushie nzi waliokufa atakaa hapo anawatazama hivihivi. Kwa chura nzi aliyetulia siyo chakula, karibu useme hayupo. Sasa kwenye kitabu cha 1990 na muvi ya 1993 wale wanasayansi wa hadithi walipokosa vipande vya vinasaba vya dinosaria wakajazia vya chura, na wapenzi wengi wa ile muvi wanaitetea hivyo, wanasema T-rex wao ana macho ya chura ndani. Kwenye hadithi sawa, mwandishi ana uhuru wake. (Vinasaba vyenyewe havidumu miaka milioni 66, vya zamani zaidi vilivyowahi kusomwa ni vya miaka milioni 2 hivi, vilitoka kwenye udongo wa Greenland, lakini tukianza hilo hatumalizi leo.)

Kinachonifurahisha ni kwamba mwandishi mwenyewe, Michael Crichton, alirudi nyuma. Kitabu chake cha pili kilichotoka 1995 kuna jamaa anaganda mbele ya T-rex akiiamini nadharia ileile, akaliwa. Na mhusika mwingine anakuja kueleza kwamba yule wa kitabu cha kwanza aliyeganda akanusurika, alinusurika kwa sababu dude lilikuwa halina njaa. Hilo liweke akilini, nitalirudia kwenye hadithi yako.

Turudi kwenye jicho lenyewe, maana hapa ndipo utamu ulipo na ukielewa hapa hutahitaji kuniuliza tena mnyama gani anaona nini.

Jicho la mnyama yeyote, na lako likiwemo, ule utando wa ndani unaopokea mwanga unapenda mabadiliko. Mwanga ukikaa palepale haubadiliki, seli zinazoea, zinanyamaza, kama wewe unavyovaa kofia ya boda asubuhi na saa nne umeshasahau kama umevaa. Jaribu leo na dogo: chora nukta nyeusi katikati ya karatasi, pembeni yake, sentimita kama 8 hivi, pakaza kivuli hafifu cha penseli ukisugue kwa kidole kisiwe na kingo. Mkazie macho ile nukta bila kuhamisha jicho hata chembe, sekunde 20 au 30, kile kivuli kitafifia mpaka kipotee karatasi ibaki nyeupe. Daktari mmoja wa Uswisi, Troxler, aliliandika jambo hili mwaka 1804. Ukihamisha jicho kidogo tu kivuli kinarudi. Umeona? Hata wewe huoni vitu vilivyotulia, kinachokuokoa ni kwamba macho yako hayatulii, yanatetemeka tetemeka muda wote bila wewe kujua, kwa hiyo picha inatembea juu ya ule utando na seli haziruhusiwi kulala.

Kwa hiyo ili mnyama asione kitu kilichotulia inabidi VYOTE viwili vitulie, kitu na jicho. Chura anaweza kukaa pale kwenye jani dakika nyingi hajongei, kichwa hakigeuki, jicho limekaa tu. Sasa niambie, dude la tani 8 linalotembea, linapumua, linageuza kichwa huku na huku linakutafuta, kwake yeye dunia nzima inatembea ndani ya jicho, mti unatembea, jiwe linatembea, dogo wako aliyeganda anatembea. Kuganda kwa dogo hapo kunasaidia nini?

Halafu kuna shahidi mwingine na huyu yuko uani kwako. Kuku. Ndege wote tulio nao leo wametoka kwenye ukoo wa dinosaria wala nyama waliotembea kwa miguu miwili, siyo lugha ya picha, ndiyo ukoo wenyewe, T-rex na kuku ni wa ukoo mmoja japo siyo baba na mwana. Mtupie kuku punje za mahindi mchangani, punje inatembea? Haitembei. Anaiona? Anaiona punje na anaachana na changarawe inayofanana nayo. Na ule mwendo wake wa kichwa mbele kichwa nyuma siyo maringo, anapiga kichwa mbele halafu anakigandisha hewani wakati mwili unakifuata, ili apate picha iliyotulia aangalie vizuri, yaani kuku anafanya kazi ya ziada ili vitu VITULIE. Kinyume kabisa na muvi.

Upande wa pili wa ukoo yupo mamba. Ukitaka kujua marehemu babu alikuwaje na picha yake haipo, unatazama wajukuu, halafu unatazama na watoto wa ndugu zake, kitu walicho nacho wote kuna uwezekano mkubwa babu naye alikuwa nacho. Wajukuu wa dinosaria ni ndege, ndugu zao ni mamba. Ndege anaona kilichotulia, mamba naye anaona, na yeyote aliyeishi kandokando ya Ruvuma anajua mamba hajawahi kumwacha mtu kwa sababu amesimama kimya anachota maji.

Na T-rex mwenyewe kapimwa. Mwaka 2006 Kent Stevens wa Chuo Kikuu cha Oregon alichukua vichwa vya mfano vya dinosaria saba wala nyama, akapima ni eneo gani la mbele ambalo macho yote mawili yanafika bila pua kuziba. T-rex akapata pembe ya nyuzi 55, hiyo inawazidi hata mwewe. Pua yake imebanwa hapa katikati, nyuma ya kichwa pamepanuka, macho yametazama mbele. Faida ya macho mawili kuona sehemu moja ni kupima umbali, jaribu kutia uzi kwenye sindano umefumba jicho moja utanielewa. Stevens akapiga na hesabu ya ukali wa kuona, kwa ukubwa wa jicho lile akasema huenda lilifikia mara 13 ya binadamu. Hiyo namba mimi huwa naisema kwa tahadhari, ni kikomo cha juu kinachotokana na ukubwa wa jicho, utando wenyewe haujabaki uhesabiwe seli. Lakini hata ukiigawa mara tatu, bado anamsoma dogo wako namba ya jezi.

Na kaka, wewe mwenyewe umeandika "linamnusa weee halafu linampita". Hapo ndipo ningekukamata hata kama sijui lolote la macho! Uwazi wa ubongo ndani ya fuvu unaonyesha sehemu ya harufu ya T-rex ilikuwa kubwa hata akilinganishwa na wala nyama wenzake. Pua imeshika kwenye shati, mtoto ana jasho, amekula samaki mchana, halafu mnyama aseme hamna kitu hapa? Hata ungemfunga kitambaa.

Basi mbona wanyama huganda? Umeshaona vifaranga mwewe akipita, mama analia tu mara moja wote chini, kimya. Umeshaona paa porini anasimama kama kisiki. Wanaganda kwa sababu inafanya kazi, na hapa ndipo shemeji inabidi akusamehe kidogo. Inafanya kazi kwa wenye rangi ya mazingira, wakiwa mbali, na kabla mwindaji hajawaona. Anayetafuta macho yake yanavutwa kwanza na kinachojongea, kifaranga cha rangi ya vumbi kikilala kwenye vumbi jicho linapita juu yake. Lakini mwewe akishakikazia macho, kuganda ndiyo kumrahisishia. Dogo wako yuko mita moja mbele ya pua, amevaa kaptula ya shule. Ameshachelewa.

Sasa nina habari mbaya zaidi ya hiyo, naomba ukae. T-rex hajawahi kukanyaga Tendaguru. Yeye ni wa Amerika ya Kaskazini, miaka milioni 68 mpaka 66 iliyopita. Wale wa kwetu ni wa miaka milioni 150 hivi. Piga hesabu, kutoka dinosaria wa Tendaguru mpaka T-rex ni miaka milioni 82 au zaidi, kutoka T-rex mpaka wewe na pikipiki yako ni 66. Yaani T-rex yuko karibu na wewe kuliko alivyo karibu na wao. Huwa nawaambia wanafunzi hili hawaamini mpaka waandike ubaoni.

Na siyo mijusi. Najua huku wote tunasema mjusi, mpaka bungeni wanauliza "mjusi wetu aliyeko Ujerumani atarudi lini", na mimi nikiwa kwenye kahawa nasema mjusi ili tuelewane. Ila mjusi wa ukutani ana ukoo wake mbali kabisa na huu.

Wa kwetu walionekana 1906 pale injinia wa madini, Bernhard Sattler, alipokuta mifupa imejitokeza juu ya ardhi, kilomita kama 60 kaskazini magharibi ya Lindi mjini. Kuanzia 1909 mpaka 1913 wakaja watu wa makumbusho ya Berlin, Werner Janensch na Edwin Hennig, ila jembe na sururu na kubeba mifupa kwa miguu siku kadhaa mpaka bandarini Lindi hiyo ilikuwa kazi ya watu wa huku, mamia kwa mamia, msimamizi wao mkubwa akiwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa pale akapewa jina la Boheti, Australodocus bohetii. Ukitaka jina la mhusika kwenye hadithi, si hilo hapo, limelala bure.

Yule mkubwa anayesimama Berlin, urefu wa juu mita 13 na sentimita 27, anaitwa Giraffatitan. Anakula majani tu. Macho yake yako pembeni ya kichwa kama ya mbuzi, na mbuzi unamjua, umnyemelee kwa nyuma bado anakuona. Anayetafutwa kuliwa anahitaji kuona pande zote, hana shida sana ya kupima umbali kwa mbele, jani halikimbii. Kwa hiyo dogo wako akipita chini ya Giraffatitan asijidanganye kwamba hajaonwa, ameonwa, ila hahusiki, wasiwasi wake mkubwa uwe kukanyagwa. Kentrosaurus, yule wa miiba mgongoni na mkiani, naye hivyohivyo macho pembeni.

Wala nyama wa Tendaguru ndio hadithi fupi, kwa sababu wengi wametuachia jino hapa, pingili ya mgongo pale. Elaphrosaurus amepatikana mwili mzuri tu wa miguu mirefu, kichwa hakuna, kwa hiyo macho yake hayajapimwa na mtu. Walikuwepo wakubwa pia wa ile jamii ya Allosaurus. Na Allosaurus mwenyewe Stevens alimpima, macho mawili yalipishana mbele nyuzi kama 20 tu, karibu na mamba. Huyo siyo kipofu, usije ukanielewa vibaya, anaona vizuri kulia na kushoto, ila ile sehemu ya kupima umbali mbele ya pua ni nyembamba. Kwa msimulizi hiyo ni mali! Mnyama wa hivyo inabidi ageuzegeuze kichwa kukupima, jicho moja, halafu jingine, kama kuku anavyokuangalia. Msikilizaji wako anasikia tu pumzi inahama kutoka sikio la kulia kwenda la kushoto. Mimi ningeogopa hilo kuliko kunuswa.

Rangi umeuliza. Waliziona, na huenda kuliko sisi. Ndege ana vipokea rangi vya aina nne, wengi wao wanaona mpaka ule mwanga wa urujuanimno ambao sisi hatuuoni. Sisi wanyama wa maziwa mababu zetu walikuwa vijinyama vya usiku vinajificha wakati dinosaria wametawala mchana, rangi nyingi zikapotea huko gizani kwa kutotumika, mbwa na ng'ombe mpaka leo wana aina mbili tu, sisi na nyani ndio tulirudishiwa ya tatu. Ukipita kwenye ukoo wa ndege na mamba kama nilivyokuonyesha, dinosaria waliishi kwenye dunia ya rangi. Kwa hiyo zile muvi zinazoonyesha "macho ya dinosaria" kwa picha ya kijani yenye ukungu, au nyekundu ya joto la mwili, achana nazo. Kuhisi joto hivyo ni mambo ya baadhi ya nyoka, wana vishimo maalum usoni.

Usiku sasa. Ndani ya jicho la ndege na dinosaria wengi kuna pete ya vibamba vya mfupa, hata kuku anayo, siku ukichinja tafuta utaiona. Pete ile ikibaki kwenye jiwe inakuambia mwanga kiasi gani uliruhusiwa kuingia. Mwaka 2011 Schmitz na Motani walipima wanyama 33 wa ukoo huo, dinosaria, ndege wa kale na wale warukao wengine, wakaona wala majani wakubwa walikuwa wanahangaika mchana na usiku, na inaeleweka, mwili wa tani 30 haushibi kwa kula saa za ofisi. Wala nyama wadogo wengi walikuwa watu wa usiku. Velociraptor yule wa muvi, ambaye kwa kweli alikuwa na ukubwa wa bata mzinga na manyoya juu, ni mmoja wao. Kwa hiyo dogo wako akilala Tendaguru asitegemee giza limfiche.

Kitu kidogo cha kuongezea, ukisimulia jicho lenyewe usiliwekee mboni ya mstari kama ya paka. Utafiti wa 2015 uliotazama wanyama 214 ulionyesha wawindaji wa kuvizia wenye mboni ya mstari wa wima ni wale wafupi, wengi wao bega halizidi sentimita 42 kutoka chini. Mamba naye analala usawa wa maji. Simba ni mrefu, mboni yake duara. Dinosaria ambaye nyonga tu iko juu ya paa la nyumba yako, mimi ningempa duara.

Kuhusu kufuta. Usifute. Watoto wameshaisikia, ukifuta wanabaki na uongo bila dawa yake. Ukiiacha hivihivi pia sikushauri, kwa sababu ya mbwa na kwa sababu shemeji hatakuacha upumzike. Kuna njia mbili ninazoziona. Unaweza kurekodi upya sehemu ya 4 yote, umwondoe T-rex uweke mla nyama mkubwa wa Tendaguru, itakuwa safi kisayansi ila ni kazi na wenye ile ya zamani wataendelea kuisambaza. Au, na mimi napenda hii, sehemu ya 5 dogo anatamba kama mwanao anavyotamba, anajaribu tena kuganda mbele ya mnyama wa pili, na safari hii anaona jicho linamgeukia, kichwa kinainama upande mmoja, kinainama upande wa pili, linampima. Hapo anaelewa kwamba yule wa kwanza alikuwa ameshiba. Na huyo wa kwanza dogo aligundue mwenyewe kwamba hakuwa T-rex, alimpa tu jina analolijua kutoka kwenye muvi, kama sisi tunavyosema mjusi. Kosa lako linakuwa kosa la mhusika, hadithi inanoga.

Atajiokoaje? Upepo umtoke mnyama uje kwake, siyo kinyume. Ajiweke nyuma ya kitu, siyo mbele ya kitu. Tendaguru ya wakati ule ilikuwa pwani, maji ya chumvi yanaingia na kutoka, vidimbwi, tope, wewe mtoto wa Lindi tope la maji kupwa unalijua kuliko profesa wa Berlin, mtu mwepesi anavuka, mwenye tani zake anazama mpaka magoti. Miti iwepo, ila ya jamii ya misonobari. Mikorosho hapana, mimea ya maua ilikuwa haijaenea. Na chonde, usije ukamficha kwenye majani marefu, nyasi zilikuwa bado hazijazaliwa.